Fundi Rangi na Macho ya Marselina

Kwa muda mrefu Marselina aliziona taa za stesheni ya Kilosa zimevaa upinde wa mvua, na hakumwambia mtu. Alidhani ndivyo zilivyo. Jioni akimpelekea mumewe chakula, alisimama kando ya reli akatazama. Taa nyekundu ilikuwa na duara la zambarau, ya kijani ilikuwa na duara la manjano, na treni ya Kigoma ilipoingia na jicho lake kubwa, uwanja wote uliwaka kama kitenge kipya kilichokung'utwa. Mumewe, Oswald, ambaye kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za treni na kuwasha taa hizo, alikula ugali wake akiwa amezipa mgongo. Marselina alimhurumia kidogo. Aliona ni mazoea tu yanayomfanya mtu asitazame uzuri ulio juu ya kichwa chake.

Alizaliwa Kimamba, katika kambi ya manamba, watu waliotoka mbali kuja kukata mkonge. Baba yake alitoka Songea akiwa kijana, akasema atakaa misimu miwili, akazikwa hapo hapo. Marselina naye alipopata nguvu za kubeba aliwekwa kwenye uwanja wa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge. Kazi ile ilichubua mikono, lakini aliipenda asubuhi, nyuzi zikiwa bado na maji, zimening'inia kwenye waya, nyeupe pee mpaka upeo wa macho, na jua likipita katikati yake. Alikuwa akisimama na mzigo begani, amesahau, huku nyapara akimwita mara ya pili na ya tatu.

"Macho hayana pazia," alimjibu siku moja, kisha akaendelea na safari yake kwa mwendo ule ule.

Oswald alimwoa wakahamia Kilosa, kwenye nyumba za reli, wakapata mtoto wa kike, Lea. Uhuru ulipokuja Marselina alikuwa uwanjani na watu wote, na baadaye alipoulizwa hotuba zilisema nini hakukumbuka hata neno. Alikumbuka kijani cha bendera, jinsi kilivyokuwa kibichi, kama mpunga wa bondeni unapoanza kusimama.

Kisha alianza kugonga vitu. Aliliangusha sufuria la jirani lililokuwa jikoni upande wa kushoto, akasema amepitiwa. Akagonga mlango uliokuwa nusu wazi. Siku moja sokoni mtu wa baiskeli alipiga kengele, akapiga tena, Marselina akageuka huku na huku asimwone, mpaka baiskeli ikamfikia ubavuni na mihogo ikatawanyika. Mwenye baiskeli hakukasirika. Alimtazama usoni, akasema taratibu, "Dada, mimi nilikuwa mbele yako kabisa."

Siku hiyo Oswald alimketisha kizingitini na kunyoosha mkono wake upande mmoja. "Mama Lea, unauona mkono wangu?"

"Upo wapi?"

Oswald aliuleta mkono polepole kuelekea mbele ya uso wa mkewe, na ulipofika karibu na pua ndipo Marselina alipouona.

Huo ulikuwa mwaka wa Azimio, mwaka ambao watu waliandamana kwa miguu kutoka vijijini kuunga mkono, na mashamba mengi ya mkonge yakawa mali ya taifa. Mganga wa Kilosa alimwandikia aende hospitali kubwa Dar es Salaam. Oswald alimpatia pasi ya reli, akamkalisha dirishani na kumwambia asitoe kichwa nje. Yeye mwenyewe hakuweza kuondoka kazini. Mdogo wake Tomasi, aliyefanya kazi kwenye maghala ya bandari, angempokea shemeji yake na kumpeleka kwao Ilala.

Daktari alikuwa mtu mpole. Alimwambia kwamba ndani ya jicho kuna maji, na maji yake yeye yalikuwa na nguvu kupita kiasi, yanaukandamiza mshipa wa kuonea. Ile mizunguko ya rangi aliyoiona kwenye taa ilikuwa dalili. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha karibu lote. La kulia lilikuwa limebaki na tundu katikati.

"Nitakupa dawa ya matone," alisema. "Itachelewesha. Sitaki nikudanganye, mama. Kuchelewesha si kuzuia. Rudi wiki ijayo nikupime tena."

Marselina alishukuru na kutoka nje. Kilichomuuma zaidi, alikuja kumweleza mumewe baadaye, hakikuwa habari ya upofu. Ilikuwa habari ya zile taa. Miaka yote ile alizipenda, na kumbe ndizo zilizokuwa zikimuaga.

Alikuwa na wiki ya kungoja. Akiwa amekaa kwenye mkeka uani kwa Tomasi alihesabu moyoni vitu alivyowahi kuviona, akaona vingi ni vya mahali pamoja. Reli, mkonge, mto Mkondoa ukiwa umejaa, milima ya Mamboya kwa mbali. Aliwaza kwamba kama nyumba ya macho yake inafungwa, bora aingize vitu vingine kabla mlango haujagongana na fremu.

"Nataka kutembezwa mjini," alimwambia Tomasi wakati wa chakula.

Tomasi alifurahi. "Nina rafiki ana gari, shemeji. Jumamosi tutazunguka mji mzima, mpaka Oysterbay, na jua la saa nane halitakukuta barabarani."

"Gari litanipitisha kama upepo. Nataka kwa miguu."

"Kwa miguu na nani? Mimi niko ghalani kutwa."

Regina, mke wa Tomasi, alicheka. "Usinitazame mimi, dada. Nina miaka hapa na njia ninazozijua ni tatu: sokoni, kanisani na kisimani."

Jumapili walisikia kwamba katekista wa parokia anawatembeza wageni waliotoka bara, baada ya misa. Marselina alikwenda, Regina akamsindikiza. Kundi lilikuwa kubwa, wanaume kwa wanawake na watoto, na katekista alikuwa mbele amenyoosha mwavuli juu kama mkuki. "Huu ni mnara wa saa," ilisema sauti kule mbele. Marselina alianza kuutafuta. Kwa lile tundu lake dogo ilimbidi aanzie chini, apande polepole, aupate ukuta, aupoteze, aupate tena. Alipoifikia saa na kuanza kuona mishale yake, kundi lilikuwa limekwisha kata kona. Wakalikimbilia, yeye na Regina. Huko walikuta wengine wanatoka kuangalia kitu kingine. Siku ilikwisha hivyo, akiona migongo ya watu na visigino.

Kesho yake Regina alimpeleka kwenye Sanamu ya Askari, kwa kuwa alisikia pale kuna mtu anayewatembeza abiria wa meli. Walimkuta. Alivaa tai na viatu vyeusi vinavyong'aa, na maneno yake yalitiririka bila kituo, mwaka huu Wajerumani, mwaka ule Waingereza. Marselina alisubiri anyamaze kuvuta pumzi.

"Samahani, ndugu. Mtu akitaka kusimama mahali kidogo, unasimama?"

"Mama, ziara yangu ina mpangilio," alijibu bila ubaya wowote. "Ukisimama, utatukuta mbele."

Marselina alimshukuru. Njiani kurudi Regina alisema, "Dada, kwani unatafuta nini hasa? Mtembezaji ni mtembezaji."

"Namtafuta mtu ambaye hatanikuta mbele," alisema Marselina. Kisha akaona maneno yake hayana maana, wakacheka wote wawili.

Mtu huyo alimpata mahali ambapo hakwenda kumtafuta. Siku aliyofuata dawa hospitalini, kwenye benchi la wagonjwa wa macho, alikaa mzee mwembamba mwenye kofia ya darizi iliyofifia. Jicho lake moja lilikuwa jeupe kama yai la njiwa. Alikuwa anautazama ukuta wa ubaraza kwa jicho la pili, tena kwa makini ambayo watu huwapa wanaoongea nao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka bara."

"Kilosa. Umejuaje?"

"Wa mjini hawaniamkii mimi, wanamwamkia daktari." Akaunyooshea ukuta kidole. "Huu niliupaka mimi. Mwaka ule walitaka rangi ya maziwa, wakanipa ya mfupa, na hakuna aliyegundua."

Jina lake lilikuwa Mwinshehe. Alikuwa fundi rangi tangu ujana wake. Jicho lilichomwa na chokaa, na baadaye akaanguka kwenye ngazi akavunjika nyonga. "Nyonga imekataa ngazi," alisema, "lakini haijakataa njia." Sasa alikuwa akiwatembeza wagonjwa wanaongoja, mmoja mmoja au wawili, akawaonyesha kuta zake. Wengine walimnywesha chai. Wengine walimkimbia, maana walitaka kuonyeshwa Ikulu na yeye akawaonyesha mlango wa duka la nguo.

Marselina alimweleza habari ya tundu. Alimweleza yote, jinsi ambavyo hakuwa amemweleza hata Tomasi. Mzee alisikiliza, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Unapenda kuona nini?"

Alifikiri. "Sijui. Chochote kitakachokaa."

"Basi hatutaona vingi. Nikikuonyesha mji mzima utarudi Kilosa na vumbi tu. Tutatembea mitaa michache. Njoo asubuhi, jua likiwa la ubavuni, maana la utosini linafuta kila kitu. Njoo na mwenzio. Na usivae viatu vipya."

Walikutana Mnazi Mmoja asubuhi na mapema, Marselina na Regina na yule mzee na ufito wake mrefu, ule aliokuwa akifungia burashi zamani ili afikie vilele vya kuta. Alikuwa akiunyoosha ufito mbele ya uso wa Marselina, kisha akaupandisha polepole, na Marselina akaifuata ncha yake kwa lile tundu kama mtu anayefuata mstari wa kitabu kwa kidole. Kwa namna hiyo aliona. Hakuona mtaa. Aliona tarabe moja ya dirisha, ya mbao, yenye mabaki ya kijani kwenye nyufa. Aliona shingo ya njiwa juu ya tangi la maji. Aliona mwanamke wa Kihindi akimwaga maji kibarazani, na lile vumbi jeupe la sakafu likigeuka jeusi, polepole, kama linawaza.

"Hii," alisema Mzee Mwinshehe, akisimama kwenye uchochoro nyuma ya maduka, "ni nyumba niliyoipaka mara tatu." Rangi ilikuwa imebanduka pembeni mwa dirisha. Aliushika mkono wa Regina, akauweka juu ya mkono wa Marselina, akamwambia aupeleke pale. "Gusa ukingo. Unasikia ngazi? Mpako huu wa juu ni wa juzi juzi. Chini yake ni kijani, mwenye nyumba alikitaka wiki ya Uhuru, akakitaka kikauke kabla ya saa sita usiku. Chini yake ni buluu ya siku za vita, ilikuwa nyembamba kwa sababu tuliichanganya na maji, hapakuwa na rangi. Chini kabisa ni chokaa ya yule aliyenifundisha kazi. Huyo sikumwona akipaka. Niliikuta."

Marselina alipitisha kidole. Ngazi zilikuwepo, nyembamba kama kucha. Akaweka jicho lake la kulia karibu sana na ukuta, na katika lile tundu rangi zote nne zikaingia pamoja, kila moja na mstari wake, kama pwani ya nchi ndogo iliyoonekana kutoka juu. Alikaa hapo muda. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, akawazunguka, sauti ikaenda mbali ikapotea.

Walifika kwenye ule mtaa mkubwa uliokuwa na jina la miti wakati wa Waingereza na sasa unaitwa wa Uhuru. Mzee aliwasimamisha ng'ambo ya benki. "Tazama juu ya mlango. Jina lile jipya liliwekwa mwaka huu huu. Sasa sogea hatua moja kushoto, jua likupige shavuni. Unaona nini chini yake?"

Ufito ulipanda. Marselina aliona herufi mpya. Kisha, aliposogea, ndani ya rangi ile ile, zikaonekana herufi nyingine, zimevimba kidogo, kama mishipa chini ya ngozi.

"Rangi haifuti," alisema Mwinshehe. "Inafunika. Mimi nimefunika maisha yangu yote."

"Mimi napita hapa kila nikija kanisani," alisema Regina polepole. "Sikuwahi kujua benki inaweza kutazamwa."

Walipumzika ukingoni mwa bandari, karibu na lile kanisa lenye vigae vyekundu, wakanywa maji ya madafu. Mzee akauliza kama wanataka kuendelea mbele au warudi. Marselina alikuwa ameshika dafu kwa mikono miwili.

"Turudi," alisema. "Turudi kwa njia ile ile tuliyojia. Lakini mimi nitafumba macho."

Regina alishtuka. "Dada, kuna magari."

"Ndiyo maana nimekuja na nyinyi."

Mzee Mwinshehe hakuuliza sababu. Alimpa ncha moja ya ufito, akashika nyingine, Regina akamshika kiwiko, wakaanza safari ya kurudi. Mwanzoni hapakuwa na kitu ila kelele. Honi, viatu, mtu akimwita mtu. Marselina akaukaza mkono kwenye ufito. Kisha akasikia vigae. Hakuweza kueleza alisikiaje, lakini uliponyamaza upepo kwenye shavu moja alijua ukuta mrefu umeanza, na juu ya ukuta ule aliviweka vigae, vyekundu, kimoja kimoja.

"Hapa ni kanisa," alisema.

"Ni kanisa," alijibu mzee.

"Hapa ni benki. Ina majina mawili."

"Ina majina mawili."

Mahali pengine alikosea. Aliweka njiwa mahali ambapo palikuwa na kinyozi. Alipitiwa mtaa mzima na Regina akamnong'oneza. Lakini kadiri walivyokwenda, mji ulianza kuja wenyewe, bila kuitwa, mkubwa kuliko alivyouona alipofumbua. Lile tundu halikuwepo tena. Mitaa ilikuwa na pande zote mbili. Alitembea katikati ya mji mpana ulioloa mwanga wa ubavuni, tarabe zikifunguka kwa zamu na njiwa wakiruka kutoka tangi hadi tangi, na kijani cha wiki ya Uhuru kikiwa bado kibichi, hakijakauka. Walipofika uchochoroni alisimama bila kuambiwa na kunyoosha mkono. Kidole kiligusa ukingo wa rangi. Alikuwa amepakosa pale pa kwanza kwa shibiri moja tu.

Machozi yalimtoka yakapita kwenye kope zilizofumbwa. Mzee Mwinshehe alisubiri yaishe.

"Sasa fumbua," alisema, "usije ukanywa chai upande wa sikio."

Alipopimwa tena, daktari alimpa chupa za dawa na kumwambia aje kila mwaka. Alirudi Kilosa. Kwa miaka kadhaa matone yalifanya kazi yake, na tundu lilibaki pale pale, kisha likaanza kupungua tena, likawa kama jicho la sindano, likawa nyota. Asubuhi moja ya masika aliamka, akamuuliza Oswald kwa nini bado giza, na Oswald, ambaye alikuwa amekwisha kunywa uji, alikuja kuketi karibu naye akamshika mkono.

Wakati huo Oswald alikuwa amestaafu reli. Ilipokuja amri ya watu wote kuishi katika vijiji, walirudi Kimamba, wakapewa kiwanja katika kijiji kipya kilichopimwa kwenye shamba lililokuwa la mkonge. Nyumba zilijengwa kwa mstari, za miti na udongo. Marselina alijifunza kijiji kwa miguu, akiwa amemshika Oswald begani mwanzoni, na baadaye peke yake. Alijua mlango wa Filipo kwa sauti ya cherehani. Alijua kwa Agnesi kwa harufu ya pombe ya mtama. Alijua ghala la kijiji, kisima, na ofisi ya chama ambako redio ilisema kutwa. Hakuwahi kukiona kijiji kile hata siku moja, na watu walisahau jambo hilo, kwa kuwa aliwaelekeza wageni vizuri kuliko wenye macho.

Kisha ukaja mwaka ambao watu wa mjini wasio na ajira iliyoandikishwa walitakiwa waende vijijini wakalime. Lori liliwashusha watu wachache mbele ya ofisi ya kijiji. Wanakijiji walisimama kando, wamekunja mikono. Ulimboka, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, alinung'unika kwa sauti ya kusikika, "Wametuletea wahuni. Tazameni yule mzee, kiganja laini kama mkate. Ataanzia wapi kulima?"

"Sijalima tangu utotoni," ilijibu sauti. "Lakini nafundishika."

Marselina alikuwa njiani kutoka kisimani. Alitua ndoo chini.

"Mzee Mwinshehe?"

"Yule wa tundu," ilisema sauti. "Kumbe bado upo."

"Shikamoo, mzee. Umefikaje huku?"

"Marahaba, mwanangu. Kwetu nilikozaliwa hakuna mtu tena, wote wamehamishwa. Wakaniuliza, basi wewe unachagua kijiji gani? Nikatafuta jina kichwani. Lililonijia ni Kimamba, kwa kuwa wewe ulikuwa ukilitaja njia nzima."

Marselina alimgeukia Ulimboka mahali alipojua kuwa amesimama. "Balozi, huyu ni mgeni wangu. Atakula kwangu mpaka nyumba yake isimame." Ulimboka hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaogopa njaa kama kila mtu mwaka ule. Alisema sawa.

Asubuhi iliyofuata alimtembeza mgeni wake kijijini, jua likiwa la ubavuni. Alikwenda polepole, akasimama kila mahali, akamweleza. Hapa ni kwa Filipo fundi cherehani, nyumba ya buluu. Hapa ni kwa Agnesi, nyumba yake ni nyekundu kama vigae. Ghala ni jeupe, linaumiza macho saa sita. Kwa balozi ni manjano, na madirisha ya kijani. Alieleza bila kusita, kwa sababu kwake nyumba zilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Zilipomjia gizani zilikuja zimekwisha vaa.

Oswald, aliyekuwa nyuma yao, alimtazama mzee kwa wasiwasi. Kijiji chote kilikuwa rangi moja, ya udongo uliokauka, na vumbi juu yake. Lakini Mwinshehe aliitikia kwa kichwa tu, akazitazama zile kuta kwa jicho lake moja, moja baada ya nyingine. "Ndiyo," alisema. "Naona. Enhe, na ile ya mwisho?"

"Ile ni yetu. Ina mabaka. Bado sijaamua."

Alilima, Mwinshehe, vibaya lakini kila siku. Na msimu wa mavuno ulipopita, watu wakiwa wamepumzika, alianza kuonekana akitembea na debe. Alichimba udongo mwekundu kingoni mwa mto. Aliomba lori la kijiji limletee chokaa. Alipata udongo wa manjano wa kufinyangia kutoka njia ya Mamboya, kwa mama mmoja mfinyanzi. Buluu ilimsumbua, mpaka alipokwenda Dumila akarudi na vipande vya buluu ya kufulia nguo amevifunga kwenye leso. Burashi alizitengeneza kwa singa za mkonge uliobaki porini, akazifunga kwenye miti mirefu.

Alianza na ghala, likawa jeupe. Mwenyekiti akapenda. Akafuata Filipo, aliyeuliza kwa nini buluu, akaambiwa ndivyo ilivyo, akacheka akakubali. Agnesi alisaidia mwenyewe kukoroga ule wekundu. Ulimboka ndiye aliyegoma. "Nyumba yangu si kanga," alisema, na kwa mwaka mzima nyumba yake ilisimama ya udongo katikati ya nyingine, mpaka mkewe alipompa chaguo la kupaka manjano au kulala nje na mbuzi. Madirisha ya kijani hayakupatikana. Kijani kilikosekana kabisa.

Hakuna aliyemwambia Marselina. Haikuwa siri iliyopangwa. Kila mtu alidhani mwingine amesema, na Oswald alijaribu mara mbili akaona sauti yake haiko tayari. Lakini pua yake ilimwambia kuna jambo. Siku moja, akirudi kutoka kwa Agnesi, alisikia chokaa mbichi karibu na mlango wake mwenyewe, na mkwaruzo wa burashi ukipanda na kushuka.

"Mzee, unafanya nini kwangu?"

"Napaka."

"Rangi gani?"

Mkwaruzo ulisimama. "Hii nakungoja wewe. Nimeanza na nyeupe tu, ya chini. Nyingine zote nimemaliza kama ulivyozisema, ila madirisha ya balozi."

Marselina alisimama pale njiani na kikapu chake. Alikigeukia kijiji, upande huu kisha upande ule, taratibu. Cherehani ya Filipo ilikuwa inakwenda. Oswald alitoka nje, akasimama mlangoni.

"Buluu pia?" aliuliza Marselina.

"Buluu pia. Inafifia kidogo ikinyesha. Nitaipitia tena."

Alitua kikapu. Akauliza ukuta umefikia wapi, Mwinshehe akamwambia umefika kwenye dirisha, akasogea mpaka unyevu wa chokaa ukamgusa usoni. Akaomba apewe burashi.

"Fanya upande wa chini," alisema mzee, akimpa. "Wa juu niachie mimi na ufito."